Kongosho, Roboti na Mfuko Wetu wa Afya

Mada ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano wa mwaka wa wana-Chitete waishio Dar es Salaam



Mkutano wa mwaka jana uliiagiza Kamati ya Fedha jambo moja. Mtakumbuka kwamba baada ya msiba wa mama yetu mkubwa, ilitolewa hoja hapa ukumbini kwamba Mfuko wa Afya wa umoja wetu ugeuzwe uwe mfuko wa kupeleka wagonjwa nje ya nchi wakafanyiwe upasuaji wa roboti. Hoja ilipigiwa makofi ya nguvu. Mwenyekiti, kwa busara yake, akasema isipitishwe kwa makofi, iende kwanza kwa wahasibu. Ndiyo maana leo mnahutubiwa kuhusu kongosho na watu wa vitabu vya hesabu. Tumesoma, tumewauliza madaktari wanaotoka kwetu na wasiotoka kwetu, na tumebishana wenyewe kwa wenyewe mpaka usiku. Tukikosea jina la mshipa mtusamehe. Tukikosea hesabu mtuondoe kwenye kamati.

Familia ya marehemu imeturuhusu kueleza yaliyotokea, bila kutaja jina. Tulikaa nao siku nzima tukapanga risiti, karatasi za vipimo na barua za rufaa kwa tarehe, kama tunavyofanya tukikagua hesabu za ofisi. Macho yake yalianza kuwa ya manjano wakati wa kuvuna ufuta. Watu wa nyumbani wakasema ni homa ya manjano, jina ambalo kwetu linabeba kila ugonjwa unaobadilisha rangi ya macho. Zikaja dawa za mizizi kwa wiki kadhaa. Kisha kipimo cha malaria, kisha dawa za taifodi, kisha dawa za minyoo, kisha mizizi tena kutoka kwa mtu mwingine. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, choo kimepauka kama udongo mweupe, na mwili ukimuwasha hata usiku halali. Kuanzia siku macho yalipobadilika mpaka siku alipopigwa ultrasaundi ya kwanza zilipita siku 97. Mpaka CT skani, siku 118.

Sisi huku mjini tulipata habari siku ya 100 na kitu. Kundi letu la WhatsApp likawaka moto. Kwa siku tisa tulichanga fedha ambazo umoja huu haujawahi kuchanga kwa jambo lolote, hata kwa madawati ya shule. Mtu akatuma video ya roboti inayoshona ganda la zabibu, na kila mmoja wetu akaamini kwamba tatizo sasa ni nauli tu. Pasipoti ikaanza kushughulikiwa. Kisha daktari bingwa akaiangalia CT skani akatuambia kwa upole kwamba uvimbe umeshauzunguka mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya kongosho. Haukuwa tena wa kukatwa, kwa mkono wala kwa roboti, hapa wala India. Aliwekewa kijimrija cha kupitishia nyongo, muwasho ukaisha, akarudi nyumbani akala na wajukuu wake miezi michache. Tukamzika.

Fedha nyingi kati ya zile hazikutumika. Familia, kwa uungwana ambao hatutausahau, ilizirudisha kwenye Mfuko. Ziko benki. Hizo ndizo tunazozijadili leo.

Sasa tueleze huo upasuaji wenyewe, kwa sababu hatuwezi kupigia kura kitu tusichokijua.

Kongosho wengi wetu tumeliona kwa mbuzi tu, tena bila kujua jina lake. Limelala nyuma ya mfuko wa chakula, limelalia uti wa mgongo, lina urefu wa sentimita kama 15 na uzito wa gramu 100 hivi. (Kiswahili chetu kinaita tumbo kila kitu, kuanzia kitambi hadi utumbo. Leo tukisema mfuko wa chakula tunamaanisha ule unaopokea ugali ukishamezwa.) Kongosho linafanya kazi mbili. Linatoa insulini ya kudhibiti sukari kwenye damu, na linatengeneza maji ya kuyeyushia chakula, zaidi ya lita moja kwa siku. Maji hayo ni makali. Kazi yake ni kuyeyusha nyama na mafuta, na hayachagui kama nyama ni ya kwenye sahani au ya mwenye tumbo. Yanapita kwenye mrija mwembamba katikati ya kongosho na kumwagikia kwenye kipande cha kwanza cha utumbo mdogo, kinachoitwa duodeni.

Kichwa cha kongosho kimekumbatiwa na hiyo duodeni, na mrija wa nyongo unaotoka kwenye ini unapita humo humo. Uvimbe ukiota kwenye kichwa cha kongosho unaubana mrija wa nyongo, kama gogo lililoangukia mfereji wa shamba la mpunga. Nyongo inarudi nyuma, inaingia kwenye damu, na macho yanakuwa ya manjano. Kwa hiyo manjano ile, ambayo sisi tunaiona kama ugonjwa, kwa mgonjwa wa kongosho ni kengele, tena wakati mwingine inalia mapema. Mwenye uvimbe kwenye mkia wa kongosho hana kengele hiyo kabisa.

Kuuondoa uvimbe wa kichwa cha kongosho ni mojawapo ya operesheni kubwa kuliko zote za tumboni. Kwa kuwa kila kitu pale kinatumia mishipa ya damu ile ile, haiwezekani kukata kichwa cha kongosho peke yake. Vinaondoka pamoja kichwa hicho, duodeni, mfuko wa nyongo, sehemu ya mrija wa nyongo, na mara nyingine kipande cha mfuko wa chakula. Walther Kausch aliifanya Berlin mwaka 1909. Allen Whipple wa New York aliichapisha mwaka 1935, na jina lake ndilo lililobaki: madaktari wanaiita operesheni ya Whipple. Hapa kwetu Tanzania nayo inafanyika, kwa kufungua tumbo, kwenye hospitali kubwa.

Kukata ni nusu ya kazi. Baada ya kukata kunabaki ncha tatu zisizo na mahali pa kwenda: kongosho lililobaki, mrija wa nyongo, na mfuko wa chakula. Zote lazima ziunganishwe upya. Ncha mbili za mwisho zinashonwa kwenye utumbo na kwa kawaida zinatulia. Inayowanyima madaktari usingizi ni ya kongosho. Daktari mmoja alituambia tufikirie kushona ini bichi kwa uzi mwembamba: ukikaza kidogo zaidi uzi unakata, ukilegeza maji yanavuja. Na ule mrija wa katikati, kwa mtu ambaye kongosho lake halijakakamaa, una upana wa milimita mbili au tatu, kama ule mrija wa wino ndani ya bolpeni. Mshono ukivuja, maji yale makali yanamwagika tumboni na kuanza kuyeyusha vya jirani, pamoja na mishipa ya damu. Wengi wanaokufa baada ya operesheni hii wanakufa kwa sababu ya mshono huo, siku kadhaa baada ya upasuaji ambao wote walidhani umefanikiwa.

Whipple mwenyewe, kwenye operesheni zake za mwanzo, hakuunganisha. Alifunga ncha ya kongosho tu. Baadaye wakaunganisha na utumbo. Mwaka 1946 Waugh na Clagett wa Mayo Clinic, Marekani, wakaeleza njia nyingine: kuiunganisha na mfuko wa chakula. Hiyo ndiyo njia iliyozungumzwa sana kwenye kundi letu baada ya ile video, ingawa wengi tulidhani ni uvumbuzi wa roboti. Ina miaka zaidi ya 75.

Mantiki yake inaeleweka hata kwa sisi. Mfuko wa chakula uko mbele tu ya kongosho, mlango kwa mlango, kwa hiyo hakuna kuvuta. Ukuta wake ni mnene na una damu nyingi, hivyo mshono unapona vizuri. Halafu kuna jambo lililotufurahisha: yale maji ya kongosho yanatoka yakiwa yamelala, na kitu kinachoyaamsha kinapatikana kwenye utumbo. Ndani ya mfuko wa chakula, penye tindikali, hayaamki kirahisi. Na daktari anaweza kupitisha mpira puani mpaka kwenye mfuko wa chakula akapunguza maji na kuona kama kuna damu.

Namna mojawapo ya kuunganisha ni hii. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye ukuta wa nyuma wa mfuko wa chakula. Kuzunguka tundu hilo anapitisha uzi, kama ule wa mdomo wa mfuko wa kitambaa ambao bibi zetu walikuwa wakihifadhia ugoro na sarafu. Ncha ya kongosho inaingizwa kwenye tundu kiasi cha sentimita mbili hivi, uzi unakazwa polepole mpaka ukuta wa mfuko wa chakula ulikumbatie kongosho bila kulikata. Wengine wanafungua pia ukuta wa mbele, ili waone kwa ndani na kuweka mishono ya ziada, kisha wanaufunga.

Roboti inaingia wapi hapo? Tuondoe kwanza dhana iliyokuwa imetukaa kichwani: roboti haifanyi operesheni. Haiamui chochote. Daktari anakaa kwenye kiti hatua chache kutoka kwa mgonjwa, anatazama ndani ya kioo kinachomwonyesha tumbo kwa ukubwa na kina, na vidole vyake vinaongoza mikono ya mashine iliyoingizwa kupitia matundu madogo ya milimita 8 hivi. Upasuaji wa matundu madogo bila roboti ulikuwepo kabla, lakini vifaa vyake ni virefu na vimenyooka kama vijiti vya kuchomea mishikaki. Mkono wa roboti una kiwiko na kifundo ndani ya tumbo. Unageuka kuliko kiganja cha mtu, hautetemeki, na daktari akisogeza kidole kwa sentimita tatu mkono unaweza kusogea moja. Kwa kukata, faida hiyo ni ya kawaida. Kwa kushona mrija wa wino wa bolpeni uliozama nyuma ya mfuko wa chakula, ni faida kubwa. Upungufu wake, kwenye mashine nyingi, ni kwamba daktari hausikii uzi ukikaza. Anajifunza kuukadiria kwa macho. Kwa kongosho laini, hilo si dogo.

Mashine ya da Vinci iliruhusiwa rasmi Marekani mwaka 2000. Mwaka 2003 Pier Giulianotti na wenzake, kutoka hospitali ya Grosseto nchini Italia, wakachapisha taarifa ya operesheni zao za roboti, zikiwemo za Whipple. Grosseto si Roma wala Milano. Tunalitaja hilo kwa wale wanaodhani mambo makubwa lazima yaanzie mji mkuu.

Je, kuunganisha na mfuko wa chakula ni bora kuliko na utumbo? Hapa tuliona kitu tunachokijua vizuri sana kazini, hesabu mbili za jambo moja zisizolingana. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2013, wa wagonjwa 329, ulikuta mishono ya utumbo ikivuja kwa karibu wagonjwa 20 kati ya 100, na ya mfuko wa chakula kwa 8 tu. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2016, wa wagonjwa 320, ukakuta zote mbili ziko kwenye 20 na kitu, bila tofauti ya maana. Tulipowauliza madaktari waamini ipi, jibu lilikuwa moja: kila daktari atumie njia aliyoizoea mpaka mikono yake inaijua usingizini.

Jibu hilo lilitupeleka kwenye namba zilizobadilisha msimamo wetu. Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha hospitali zinazofanya operesheni nyingi za kongosho na zinazofanya chache sana. Kwenye zile za chache walikufa zaidi ya 16 kati ya 100. Kwenye zile za nyingi hawakufika 4. Nchi ile ile, operesheni ile ile. Na Uholanzi, ambako hakuna anayeweza kusema wana upungufu wa vifaa, walijaribu kulinganisha Whipple ya matundu madogo, bila roboti, na ya kufungua tumbo. Wakasimamisha jaribio kabla ya muda, kwa sababu kwenye matundu madogo walikufa 5 kati ya 50, na kwenye kufungua tumbo 1 kati ya 49. Wale walikuwa madaktari waliofundishwa. Wangefanya kingine gani cha kiungwana zaidi ya kusimama? Tungependa miradi yetu ya maendeleo nayo iwe na watu wa kusema tusimame.

Kwa hiyo mgonjwa anayepelekwa nje kwa sababu tu tangazo linasema roboti, anapelekwa bila swali la maana kuulizwa. Swali ni: daktari huyu amefanya ngapi mwaka huu, na hospitali hiyo inafanya nini mshono ukivuja siku ya saba saa nane usiku?

Sasa gharama, hapa tuko nyumbani. Mashine ya namna hii inauzwa kwa takriban dola milioni 2 za Marekani. Tufanye mfano wetu wenyewe, msiuchukue kama bei ya hospitali yoyote. Uichakae kwa miaka 10, ni dola 200,000 kwa mwaka. Weka mkataba wa matengenezo, tuseme dola 150,000. Ukihudumia wagonjwa 100 kwa mwaka, kila mmoja amebeba dola 3,500 kabla hajalipa kitanda, dawa ya usingizi, damu, wala mshahara wa mtu. Ukihudumia 300, mzigo unashuka karibu dola 1,170. Halafu kuna vile vifaa vya kwenye ncha za mikono, mikasi na vishika sindano. Vimewekewa hesabu ndani yake. Kila kimoja kina idadi ya matumizi iliyopangwa na mtengenezaji, na ikifika, mashine inakikataa hata kama bado kinakata vizuri. Mmoja wetu anayefanya kazi ya ugavi alisema hajawahi kuona mkasi unaojifukuza kazi wenyewe.

Hatusemi roboti hazitakuja. Hospitali mbili za umma za Cape Town, Groote Schuur na Tygerberg, zilianza kuzitumia mwaka 2022. Kigali kuna kituo cha IRCAD Africa, kilichofunguliwa Oktoba 2023, kinachofundisha madaktari wa Afrika upasuaji wa matundu madogo. Mwanzilishi wa IRCAD, Jacques Marescaux, ndiye aliyekaa New York tarehe 7 Septemba 2001 akamtoa mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, mfuko wa nyongo kwa kutumia roboti. Na hapa kwetu, kabla ya Novemba 2017 ilikuwa kupandikizwa figo ni safari ya India. Mwezi huo Muhimbili ikapandikiza, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Madaktari wetu walisimama na wageni, wakatazama, wakashika, wakaanza wenyewe. Mambo haya yanakuja. Yakija yatakuja Muhimbili au kwenye hospitali ya kanda, kwa fedha za serikali, na hapo ndipo pake.

Lakini turudi kwenye zile siku 97.

Saratani ya kongosho, popote duniani, inakutwa ikiwa bado inakatika kwa wagonjwa kama 15 mpaka 20 tu kati ya 100. Tuwe wakweli: hata kama mama yetu angepimwa siku ya 10, hatujui kama angekuwa miongoni mwa hao. Tunachojua ni kwamba alinyimwa nafasi ya kujulikana. Na si kila manjano ni saratani. Inaweza kuwa homa ya ini, inaweza kuwa jiwe kwenye mrija wa nyongo, ambalo linatolewa na mtu akarudi shambani. Kipimo cha kwanza cha kutenganisha njia hizo ni ultrasaundi. Kama mirija ya nyongo imevimba, kuna kizuizi, na mgonjwa anatakiwa aende mbele wiki hiyo hiyo. Kama haijavimba, anatafutiwa sababu nyingine. Kipimo hakichomi, hakikati, kinachukua dakika chache. Tulipojumlisha risiti za familia, fedha zilizotumika kabla ya ultrasaundi ya kwanza, ukiacha nauli, zingelipia kipimo hicho mara kumi na nne.

Kamati inapendekeza basi kwamba fedha zilizoko benki, pamoja na zitakazochangwa leo, zisiende kwenye mfuko wa nje ya nchi. Sehemu kubwa iende kwenye ultrasaundi moja ya kubebeka kwa ajili ya watu wetu wa Chitete, tukikubaliana na mganga mkuu wa wilaya kituo kipi kitaihitaji zaidi na nani ataitumia. Tunasisitiza hilo la nani ataitumia. Sote tumeona vifaa vya msaada vikiwa vimefunikwa vitambaa vya kudarizi ofisini, kwa sababu aliyekabidhiwa hakufundishwa. Hivyo bajeti yetu ina mafunzo ya watumishi wawili, ina betri na kidhibiti umeme, ina jeli na matengenezo ya miaka mitatu. Mashine yenyewe ni chini ya nusu ya bajeti. Anayetaka kuchangia mashine tu, kwa sababu ndiyo inayopigwa picha, tunamwomba achangie betri.

Sehemu nyingine iwe mkopo wa rufaa, usio na riba, wa kumtoa mgonjwa nyumbani mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa kule Vwawa au ya kanda Mbeya ndani ya siku tatu, bila familia kusubiri kuuza ng'ombe. CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa inaishia ngazi ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kupanua hilo, na tunawasihi wote mwakatie wazazi wenu bima mapema badala ya kusubiri kundi la WhatsApp liwake moto. Lakini bima hailipi basi, wala chakula cha anayemuuguza mgonjwa.

Na sehemu ndogo, ambayo tulibishania zaidi kuliko zote, ni ya kijana mmoja wa kwetu anayesomea udaktari, kama atachagua njia ya upasuaji. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, makao yake yako Arusha, na mafunzo yake yanafanyika kwenye hospitali za kanda hii. Si lazima mtu aende Ulaya. Wajumbe wawili wa kamati walipinga, wakasema kijana akishakuwa bingwa hatarudi Chitete. Hoja yao ni ya kweli. Hatarudi, kwa sababu Chitete haitakuwa na chumba cha kufanyia Whipple. Lakini simu ya saa nne usiku kutoka nyumbani ataipokea, na atajua rufaa ielekezwe kwa nani.

Yuko mzee wetu mmoja, na yumo humu ukumbini, aliyetuambia tulipomtembelea: ninyi vijana mna shahada, mnafikiria vidogo. Wenzenu wanafikiria roboti, ninyi mnafikiria jeli. Baba, tumekusikia, na tulikaa na neno lako wiki nzima. Tungeomba uione karatasi tuliyobandika mlangoni, ile yenye tarehe. Ina mistari 23, kila mstari ni mahali mama yetu alipopita na siku aliyopita. Roboti ingeweza kumsaidia kuanzia mstari wa 22. Sisi tunaomba fedha za mstari wa pili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja ya mwaka jana bado iko hai kikatiba mpaka mkutano uifute, kwa hiyo tunaomba kura ipigwe kwa karatasi, si kwa makofi. Fomu za ahadi ziko meza ya kulia, na kila fomu ina visanduku vitatu ili mtu aandike fedha yake iende wapi. Asiyejaza kisanduku, fedha itaingia kwenye mafunzo. Waliochangia mwaka jana kwa ajili ya mama yetu na hawajaridhika na matumizi haya mapya wana haki ya kurudishiwa. Orodha yao tunayo, pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja, na mweka hazina atakuwa na vocha za malipo kabla ya chakula.